Tuwatoeje watu wa rika zote nje wafanye mazoezi, na wasiishie siku ya kwanza?

MratibuMtaa aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mmoja wa watu waliopewa jukumu la kuhamasisha mazoezi katika mtaa tunaoishi, na ninaomba mawazo ya wenye uzoefu, kwa sababu juhudi zinaonekana lakini matokeo hayaonekani. Tumebandika mabango, tumewaita wataalamu wa afya wakazungumza na wakazi, tumeandaa hata bonanza lenye mbio, kuvuta kamba na michezo ya watoto. Siku ya bonanza uwanja ulifurika. Wiki zilizofuata walibaki vijana wale wale wa mpira, ambao hata bila sisi wangekuwa uwanjani, pamoja na watu wachache waliokwisha kuzoea kukimbia alfajiri. Watoto wamerudi kwenye simu na televisheni, watu wazima wamerudi kwenye pilikapilika zao, na wazee wamerudi kwenye viti vyao.

Kinachonitatiza ni kwamba faida za mazoezi kila mtu anazijua. Ukimsimamisha yeyote njiani atakueleza habari za shinikizo la damu, kisukari, kiharusi na unene, tena kwa ufasaha kuliko mimi. Lakini mguu hautoki mlangoni. Najua pia kwamba jambo hili halituhusu sisi peke yetu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika mwaka 2022 takribani asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa.

Maswali yangu ni haya. Je, kila rika liandaliwe programu yake, au mtoto wa miaka 6, mama wa miaka 40 anayeshinda amekaa kazini na mzee wa miaka 70 anayeogopa kuanguka wanaweza kweli kukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja? Na mtu aliyekaa miaka mingi bila kujishughulisha aanze na kiasi gani ili asijiumize? Ningefurahi zaidi kupata majibu ya watu waliowahi kulifanya jambo hili kwa mikono yao.

TabibuViungo alijibu:

Ndugu Mratibu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mtu aliyekaa miaka bila mazoezi akiingizwa kwenye mbio siku ya kwanza, kesho yake anaamka mapaja yamekaza, magoti yanauma na ngazi hazishukiki, na keshokutwa hamtamwona tena. Watu watasema ni mvivu, kumbe mwili wake umempa sababu ya kutosha ya kutorudi. Bonanza lenu, kwa jinsi ulivyolieleza, lilikuwa na mbio na kuvuta kamba, na hayo ni mambo mawili ambayo mimi kama mtaalamu wa fiziotherapia nisingempa mtu wa aina hiyo katika wiki zake za mwanzo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa hayo mawili, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki. Namba hizi zikitajwa mkutanoni huwatisha wasikilizaji. Lakini mwongozo huo huo umeachana na sharti la zamani lililotaka mazoezi yahesabiwe pale tu yanapodumu dakika 10 au zaidi mfululizo, na unasema waziwazi kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Kwa hiyo anayeweza kutembea dakika 5 aanze na 5, arudi kesho, na muda uongezwe kwanza kabla ya kasi. Kipimo cha mazoezi ya wastani hakihitaji kifaa chochote: unatembea kwa kasi ambayo bado unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukianza kukata sentensi katikati ili uvute pumzi, umeshaingia kwenye mazoezi makali.

Kuhusu wazee, jambo ambalo wahamasishaji wengi hulisahau ni kwamba kutembea peke yake hakuwatoshi. Mwongozo unawataka wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye, siku 3 au zaidi kwa wiki, mazoezi yanayochanganya nguvu za misuli na uwezo wa mwili kujimudu usianguke. Hofu ya kuanguka hujizalisha yenyewe: mzee anayeogopa hupunguza kutembea, misuli ya mapaja hunywea, hatua zinakuwa fupi na za kuburuza, na hapo ndipo anapoanguka kweli.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote linahitaji benchi tu. Mzee akae mbele kidogo ya kiti, nyayo zote mbili ziwe chini, na visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Ainamishe kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha asimame bila kujisukuma kwa mikono. Akishindwa, aanze kwa kujisukuma kwa mikono yote miwili, wiki nyingine kwa mkono mmoja, na baadaye aiache kabisa. Wakati wa kukaa asijibwage. Ashuke taratibu huku akihesabu moja, mbili, tatu, kwa maana kule kushuka pole pole ndiko kunakolifanyisha paja kazi kubwa, na ndiko kutakakomwokoa siku atakapojikwaa. Akishazoea, asimame nyuma ya benchi akiwa amelishika, atangulize mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusana na vidole, na atulie hapo. Hayo mawili, wakati wajukuu wanakimbizana mbele yake, yanatosha kwa kuanzia.

Tahadhari ni fupi lakini haziachwi: maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida maana yake ni kusimama hapo hapo na kutafuta huduma ya afya. Wenye ugonjwa wa moyo, na wenye kisukari wanaotumia insulini, wazungumze na daktari wao kabla ya kuanza.

MwalimuWaMichezo alijibu:

Mimi nitasema upande wa watoto na vijana, ambao nimekaa nao viwanjani kwa muda mrefu. Mapendekezo ni kwamba mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za wastani hadi kali, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli kali pamoja na zile za kuimarisha misuli na mifupa, mfano kuruka, kupanda na kukimbia. Watoto wa mwaka 1 hadi 4 wanatakiwa wajongee kwa dakika 180 kwa siku, zikiwa zimetawanywa kutwa nzima. Dakika 180 zinaonekana nyingi kwa mtu mzima, lakini mtoto wa miaka 3 aliyeachiwa nafasi hahitaji kuhimizwa na mtu; sisi ndio tunaomfungia ndani, tunamketisha, kisha tunashangaa kwamba hatulii.

Mtoto hafanyi mazoezi, Ndugu Mratibu. Mtoto anacheza. Ukimpanga kwenye mstari na kumpulizia filimbi, utampata kwa nusu saa na kumpoteza kwa mwaka mzima. Chunguzeni pia aina ya michezo mnayowapa. Michezo mingi tunayoipenda huwatoa nje wanaoshindwa: anayeguswa anakaa, anayepigwa na mpira anakaa, wa mwisho kufika anakaa. Matokeo yake ni kwamba mtoto mzito au asiye na kasi, ambaye ndiye hasa tuliyemkusudia, hucheza dakika 2 na kutazama wenzake dakika 20. Dawa yake ni nyepesi: anayeguswa asitoke, bali abadilishe timu, au arukeruke mara kadhaa pembeni na kurudi mchezoni. Mchezo unabaki na raha yake na hakuna anayegeuka mtazamaji.

Kuna jambo lingine ambalo limewaharibia wengi hamu ya mazoezi maishani, nalo ni kumzungusha mtoto uwanja kama adhabu. Huwezi kumfundisha mtu kwa miaka kumi kwamba kukimbia ni malipo ya makosa, kisha akifika utu uzima ukamwambia kukimbia ni starehe.

Vijana wa kati ya miaka 11 na 17 ndio wagumu zaidi, na takwimu za dunia zinalithibitisha: mwaka 2016 asilimia 81 ya rika hilo hawakufikia kiwango, wasichana wakiwa nyuma zaidi, asilimia 85 kwa 78 ya wavulana. Kwa nilivyoona, msichana wa umri huo hakosi nguvu wala hamu. Anakosa sehemu ya uwanja. Wavulana wa mpira wanachukua katikati yote, wanaobaki pembeni wanageuka watazamaji, na watazamaji hao wana maneno. Tengeni eneo na saa ambavyo ni vya wasichana kwa haki, wachague wenyewe mavazi wanayojisikia vizuri nayo, wachague wenyewe mchezo, na msimamizi awe mwanamke wanayemheshimu. Tofauti inaonekana haraka.

MdadisiMkuu alijibu:

Naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa mjadala. Mbona tunang'ang'ania nje? Mtu anaweza kufanya mazoezi chumbani kwake kwa kufuata video, bila jua kali, bila vumbi, bila magari yanayompita ubavuni na bila macho ya watu. Kama lengo ni moyo na misuli, sioni tofauti yoyote kati ya kuruka kamba uani na kuruka kamba sebuleni. Nadhani tunachanganya mapenzi yetu ya mandhari na suala la afya, na kwa kufanya hivyo tunawafungia nje wale ambao nje kwao si salama.

MpendaNjia alijibu:

Mdadisi, hoja yako ina uzito na sitaibeza. Msuli hautambui kama juu yake kuna paa au mbingu, na mtu ambaye nje kwake si salama afanye ndani bila kuona haya. Hata hivyo kuna mambo ambayo sebule haiwezi kuyatoa, na la kwanza ni mwanga.

Mchana wa nje, hata penye kivuli, mwanga huzidi kwa mbali ule wa vyumbani: juani ni lukisi (kizio cha kupimia mwanga) zaidi ya 10,000, wakati vyumba vingi havifiki hata 500. Kwa watoto jambo hili linahusu macho moja kwa moja. Katika jiji la Guangzhou, China, shule kadhaa ziliongeza kipindi cha dakika 40 cha kukaa nje kila siku ya masomo, na shule nyingine zikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka 3, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba tatizo la kutoona mbali lilikuwa limewapata takribani asilimia 30 ya watoto waliotolewa nje, na takribani asilimia 40 ya wale ambao hawakuongezewa kipindi hicho. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga mkali huchochea kutolewa kwa kemikali iitwayo dopamini ndani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na dopamini hiyo hupunguza kasi ya jicho kurefuka kupita kiasi. Hapo hatuzungumzii hata kukimbia. Mtoto aliyekaa nje akicheza na mchanga naye anafaidika.

La pili ni ardhi yenyewe. Sakafu ni bapa, na mguu unaozoea sakafu tupu husahau kujirekebisha. Nje kuna mteremko, kokoto, nyasi, mzizi uliojitokeza, na kila hatua kifundo cha mguu hulazimika kuamua upya. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba mtu aliye nje anaonekana. Anayefuata video chumbani akiacha, hakuna anayejua. Anayetembea njiani kila jioni akikosekana ataulizwa, na jirani anayemwona akipita huanza kujiuliza kwa nini naye asitoke.

Kuhusu jua na hewa uko sahihi, na waandaaji wasilichukulie kirahisi. Kipimo cha mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, hutolewa pamoja na utabiri wa hali ya hewa katika nchi nyingi, nacho kikifika 3 au zaidi mtu anapaswa kujikinga kwa kivuli, kofia na nguo zinazofunika. Saa zinazozunguka adhuhuri ziachwe kabisa. Penye barabara ya magari mengi, hamishieni njia yenu mtaa wa nyuma, kwa sababu anayefanya mazoezi huvuta hewa nyingi zaidi, na moshi nao humwingia kwa wingi huo huo.

Nidokeze pia kuhusu zile hatua 10,000 ambazo naona zinatajwa kwenye mabango mengi. Namba hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Haikutokana na utafiti wa kitabibu. Utafiti wa wanawake wazee wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa katika kipindi cha ufuatiliaji kuliko waliotembea 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka mpaka kwenye hatua 7,500 hivi. Ukimwambia bibi wa miaka 72 kwamba chini ya 10,000 ni kazi bure, unamdanganya, na unamkatisha tamaa bila sababu.

BibiMstaafu alijibu:

Wanangu, nimewasoma wote kwa makini na ninawashukuru. Mmezungumza mengi juu yetu sisi wazee, basi niruhusuni niseme kwa niaba yetu, maana mimi ni mmoja wa hao waliorudi kwenye viti vyao.

Kwanza ni choo. Naona hakuna aliyekitaja, labda kwa adabu. Mwanamke wa umri wangu, na mwanamume mwenye matatizo ya tezi dume vilevile, hatoki nyumbani kwa saa nzima kama hajui choo kiko wapi na kama kiko wazi. Mnaweza kuleta mtaalamu wa kutoka popote duniani akahutubia. Kama choo cha uwanjani kina kufuli, sisi hatuji.

Pili ni mahali pa kupumzika. Anayepanga njia ya kutembea awe anatembea na mtu wa miaka 75 pembeni yake, aone anaposimama kuvuta pumzi, na hapo aweke benchi. Kujua kwamba mbele kuna pa kukaa kunampa mtu ujasiri wa kwenda mbali zaidi, hata kama hatakaa.

Tatu, mtuonee haya kidogo katika maneno yenu. Tangazo mliloweka liliandikwa "mazoezi ya wazee na wagonjwa". Mimi si mgonjwa. Mngeandika kwamba kuna matembezi ya jioni na wenye mwendo wa pole wana kiongozi wao, ningekuja bila kualikwa mara mbili. Na muziki ule wa spika kubwa unatuzuia kuzungumza, ilhali mazungumzo ndiyo yanayotutoa nyumbani. Shoga yangu mmoja hapendi mazoezi hata chembe, lakini akijua fulani anamsubiri kwenye kona, atavaa viatu na kutoka, na atatembea mpaka habari ziishe.

MratibuMtaa aliandika:

Shikamoo, bibi. Nimelisoma lile la tangazo na la choo, na yote mawili yatarekebishwa kabla ya kitu kingine chochote. Nawashukuru na wengine wote. Swali langu la kwanza, hata hivyo, bado sijalipatia jibu: nikishatenganisha watoto huku, wasichana kule, wazee na benchi lao, je, bado ninaweza kuwaweka wote mahali pamoja? Wasimamizi tulio nao ni wachache, hatuwezi kuendesha programu nne. Tena wazazi wengi wananiambia kwamba hawawezi kutoka kwa sababu hawana wa kumwachia mtoto.

MpangajiMiji alijibu:

Unaweza, na hilo la wazazi ndilo ufunguo wenyewe. Msipange njia ya kwenda na kurudi, pangeni mzunguko. Mzunguko mfupi, tuseme wa mita 400 hadi 600, unaozunguka eneo la wazi, huwa na watoto katikati na watu wazima wakitembea pembezoni, kila mzazi akimwona mwanawe karibu muda wote. Mwenye mwendo wa kasi anampita mwenye mwendo wa pole mara tatu nne, wanasalimiana, na hakuna anayeonekana kuwa nyuma, kwa sababu kwenye mzunguko hakuna mbele wala nyuma. Mzee akichoka anakaa kwenye benchi bila kusababisha msafara umsubiri, na akipata nguvu anajiunga tena. Programu inakuwa moja yenye kasi nne, na wasimamizi wawili wanaitosha: mmoja kwa watoto, mwingine kwenye benchi. Ile saa ya wasichana aliyoitaja Mwalimu nayo ipangwe katikati ya mzunguko huo huo, siku yake maalumu, wakati mama zao wanatembea. Katika njia ndefu ya kwenda na kurudi, wenye kasi wanatoweka, wanyonge wanabaki na aibu, na wazazi wanabaki nyumbani.

Jambo la pili ni ratiba isiyobadilika. Angalieni programu zilizodumu duniani na mtaona zinafanana hapo. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, umekuwa ukifunga barabara zake kwa magari siku za Jumapili tangu mwaka 1974. Leo zaidi ya kilomita 100 za barabara huachiwa wanaotembea, wanaokimbia na wanaoendesha baiskeli, tangu asubuhi hadi saa 8 mchana. Hakuna anayehitaji kutangaziwa, kila mtu anajua ni Jumapili. Parkrun nayo ilianza Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, ikiwa na wakimbiaji 13, na sasa hufanyika katika nchi nyingi: kilomita 5, Jumamosi asubuhi, bila kiingilio, kwa anayekimbia na anayetembea pia. Wamebuni nafasi moja ambayo nawasihi muiige: mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho daima, ili asiwepo mshiriki yeyote anayemaliza wa mwisho. Japani ina mazoezi ya viungo yaliyoanza kurushwa redioni mwaka 1928, na leo huja kila siku kwa saa zile zile na muziki ule ule, na watu wa rika zote huyafanya pamoja viwanjani. Bonanza huvuta umati kwa siku moja kwa sababu ni la kipekee, na kwa sababu hiyo hiyo haliwezi kuwa mazoea.

La mwisho, msitegemee saa ya mazoezi peke yake. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1953 ilionekana kwamba madereva, walioketi kutwa, walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Makondakta hao hawakuwa wanamichezo. Kazi yao ndiyo iliyowajongesha. Kwa hiyo mnapozungumza na uongozi wa mtaa, ombeni pia njia ya waenda kwa miguu iliyo salama mpaka shuleni na sokoni, kivuko kilichochorwa, taa zinazowaka na miti ya kivuli. Mama yule wa miaka 40 uliyemtaja huenda asije uwanjani kamwe, lakini akiweza kumpeleka mtoto shule kwa miguu bila kuhofia magari, dakika zake 150 zitapatikana humo humo.

Na uwanja upatieni kibali cha maandishi, chenye saa zilizotajwa na jina la anayeshika ufunguo. Nimeona vikundi vizuri vikifa kwa sababu ya lango lililofungwa mara mbili mfululizo.

MratibuMtaa aliandika:

Hili la mzunguko hatukuwahi hata kulifikiria. Sisi njia yetu ilikuwa ya kwenda mpaka barabara kuu na kurudi. Tutapima ukingo wa uwanja wiki hii, na bibi, kama hutajali, ningeomba wewe ndiwe utembee nami ili uoneshe mabenchi yakae wapi. Tabibu, fundi wetu anauliza benchi hilo la mazoezi liwe na kimo gani.

TabibuViungo alijibu:

Sentimita 45 hivi zinawafaa wengi. Likiwa fupi zaidi, wenye magoti mabaya watashindwa kuinuka. Likiwa refu zaidi, wafupi hawatafikisha nyayo chini. Kama mna uwezo wa kutengeneza mawili, la pili liwe na sentimita 50 kwa wanaoanza. Lisiwe na ubao chini unaozuia visigino kurudi nyuma, liwe na egemeo la mgongo la kushikilia kwa yale mazoezi ya kusimama, na miguu yake ichimbiwe ardhini, kwa sababu benchi linalocheza litawarudisha nyumbani wale wale mnaotaka kuwatoa.

BibiMstaafu alijibu:

Nitakuja. Ila iwe baada ya saa 10 jioni, jua likishapungua, na ufunguo wa choo uwe nao mfukoni.